Kupanga servo za dijitali kwenye ndege ya rimoti: kwa waya, kwa rimoti, au ndani ya servo yenyewe?

Umefunga servo za dijitali (mota ndogo zinazosogeza vibawa vya kuongozea) kwenye ndege yako, umewasha, na zinalia hata hujagusa stiki. Eleroni ya kushoto (kibawa cha nyuma ya bawa) imeinuka kidogo, ya kulia imelala. Eleveta (kibawa cha mkiani) ikifika mwisho unasikia servo inakazana. Ukiuliza wenzako utapata majibu matatu. Wa kwanza atakuambia fungua skrubu uhamishe mkono wa servo. Wa pili atakuambia maliza kazi kwa sabutrimu, yaani kusogeza katikati ya servo kwa namba kwenye rimoti. Wa tatu atakuambia tafuta kifaa cha kuprogramu servo, uirekebishe yenyewe ndani. Wote wana hoja, na ndiyo maana mtu anabaki njia panda.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wanaorusha ndege Dodoma na mikoa ya kati kwa ujumla, ambako kipuri hakipatikani mtaa wa pili, vumbi ni la kila siku, na upepo wa mchana kuanzia Juni hadi Oktoba haumwonei huruma anayejifunza kutua.

Dijitali inabadilisha nini

Servo yoyote ina mota ndogo, gia, potenshometa inayosoma shafti imefika wapi, na saketi ya kuongoza. Risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya ndege) huipelekea mpigo wa umeme wenye urefu wa kati ya maikrosekunde 1000 na 2000 hivi, na 1500 ndiyo katikati (Futaba wao hutumia 1520). Kwenye servo ya analogi, mota hupewa umeme kila mpigo unapoingia, yaani mara 50 hivi kwa sekunde. Ya dijitali ina prosesa yake, na prosesa hiyo huipa mota umeme mara 300 au zaidi kwa sekunde. Kwa hiyo hata kosa dogo la pembe linasahihishwa mara moja na kwa nguvu kubwa.

Kwa vipimo iko hivi: servo nyingi huzunguka takriban nyuzi 90 kwa mabadiliko ya maikrosekunde 1000, kwa hiyo nyuzi moja ni kama maikrosekunde 11. Servo ya analogi inaweza kupuuza mabadiliko ya maikrosekunde 4 au zaidi kabla haijajisumbua kusogea. Ya dijitali nzuri hupuuza 1 au 2 tu. Unapotua na upepo unakusukuma ubavuni, masahihisho yako yote yako karibu na katikati ya stiki, na hapo ndipo unaona ulicholipia.

Ila ukali huo una bei yake. Waya wa kusukuma kibawa ukiwa umebana kidogo, servo ya analogi hulegea ikaridhika na pale ilipofika. Ya dijitali hairidhiki. Inaendelea kusukuma, inakula umeme, inachemka, na kama umeme wake unatoka kwenye BEC ndogo (saketi inayolisha risiva na servo) iliyo ndani ya ESC (kidhibiti cha mota ya ndege), voltiji inashuka kwa kila kitu kilichounganishwa. Risiva nyingi huzimika au kuanza upya voltiji ikishuka hadi karibu 3.5. Ndiyo maana kupanga servo za dijitali si suala la kuipendezesha ndege tu. Servo ndogo ya dijitali ikikwama kabisa inaweza kuvuta karibu ampea 1, ya saizi ya kawaida ampea 2 hadi 3, na zile kubwa za voltiji ya juu huvuta zaidi ya hapo. Nne zikikwama pamoja, BEC ya ampea 3 haina pa kutokea.

Vigezo vya kulinganisha

Nimepima njia zote tatu kwa vigezo vilevile. Cha kwanza ni usahihi: je, kibawa kinarudi palepale kila mara, na nguvu ya servo inafika kibawani bila kupotea njiani? Cha pili ni umeme, yaani kama servo inapumzika ndege ikiwa imetulia. Cha tatu ni gharama na upatikanaji wa vifaa ukiwa Dodoma. Cha nne ni kile ambacho watu wengi hawakifikirii mapema: siku ukibadilisha servo, risiva au rimoti, mpangilio wako unabaki au unapotea? Cha tano ni hatari ya kukosea bila kujua umekosea.

Kabla ya njia yoyote, toa propela. Hili halina mjadala. Utakuwa unawasha na kuzima, unasogeza stiki, mikono yako iko karibu na pua ya ndege.

Njia ya kwanza: mkono wa servo, waya na matundu

Hapa unaanza na rimoti ikiwa safi. Fungua modeli mpya (kumbukumbu ya ndege moja ndani ya rimoti), trimu (vitufe vya kando ya stiki) sifuri, sabutrimu sifuri, vikomo vya mwendo asilimia 100. Servo inakwenda katikati yake, kisha unavisha mkono ukiwa mraba kabisa na waya wa kusukuma, nyuzi 90.

Usahihi. Kinachowashinda wengi ni meno ya shafti. Servo za Futaba na Savöx zina meno 25. Gawa 360 kwa 25, unapata 14.4. Ukihamisha mkono jino moja, umeruka nyuzi 14.4, na kama ulikuwa umekosea kwa nyuzi 7, jino moja linakupeleka nyuzi 7 upande wa pili. Hapo wengi hukata tamaa wakakimbilia rimoti. Lakini pakiti ya servo mara nyingi ina mkono wa msalaba wenye matawi manne, na watu huutupa. Tawi moja hadi jingine ni nyuzi 90, ambazo ni meno 6 na robo. Hiyo robo ndiyo dawa: kila tawi hukaa tofauti na jirani yake kwa nyuzi 3.6. Visha msalaba, angalia tawi la kwanza limekaaje na waya, zungusha, angalia la pili, la tatu, la nne. Moja wapo litakuwa ndani ya nyuzi 1.8 za mraba. Litie alama ya kalamu, kata matatu yaliyobaki kwa koleo. Servo za JR zenye meno 23 zinakupa faida hiyohiyo, karibu nyuzi 3.9 kwa kila tawi. Za Hitec zenye meno 24 hazikupi, kwa sababu nyuzi 90 ni meno 6 kamili, na matawi yote yanaangukia pale pale.

Jambo la pili ni tundu gani unatumia. Weka waya kwenye tundu la ndani la mkono wa servo na tundu la nje la kipembe cha kibawa (kishikio kilichofungwa kwenye kibawa), kadiri mwendo unaotaka unavyoruhusu. Tuseme tundu la servo liko milimita 10 kutoka kwenye shafti, na la kipembe liko milimita 20 kutoka kwenye bawaba. Servo ikizunguka nyuzi 40, kibawa kinapanda karibu nyuzi 19. Umepata nguvu mara mbili kibawani, na ulegevu wa gia unafika kule ukiwa nusu. Hakuna rimoti wala programu inayoweza kukupa hiyo nguvu ya bure. Hakikisha pia matundu ya kipembe yamekaa juu ya mstari wa bawaba. Yakiwa mbele au nyuma yake, kibawa kitakwenda zaidi upande mmoja kuliko mwingine hata kama servo iko sawa kabisa.

Umeme. Waya uliopangwa vizuri haubani popote, kwa hiyo servo ina kazi moja tu, kupambana na hewa. Bawaba za ndege zetu zinakamata vumbi, na bawaba nzito hufanana kabisa na servo mbovu. Toa klevisi (kibanio chenye pini kinachoshika waya kwenye kipembe), sogeza kibawa kwa kidole. Kikikwaruza au kikigoma, tatizo si servo.

Gharama. Bisibisi, rula, koleo, drili ndogo ya mkono. Mikono ya ziada ni rahisi, na ukiagiza servo agiza na mikono hapohapo, maana kuagiza mkono peke yake halafu kuusubiri kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi kunakera kuliko bei yake.

Ukibadilisha kitu. Mpangilio unaishi kwenye ndege. Badilisha rimoti, badilisha risiva, ndege inabaki sawa. Servo ikifa, mpya ya aina ileile unaipanga kwa kufuata alama zako.

Hatari ya kukosea. Ndogo, kwa sababu kosa unaliona kwa macho. Udhaifu wake ni muda, na pia kuna ndege zisizokubali: za povu ambazo servo imegandishwa kwa gundi na waya una mkunjo wa umbo la Z usiorekebishika. Na hata ukijitahidi vipi, servo mbili za aina moja zinaweza kuwa na katikati tofauti kidogo kutoka kiwandani. Hiyo huwezi kuimaliza kwa bisibisi.

Inamfaa anayejenga ndege mwenyewe, anayejifunza, na mwenye ndege kubwa ambayo nguvu ya servo ina maana. Haimfai sana mwenye ndege ya povu iliyokuja imeshafungwa kila kitu.

Njia ya pili: kila kitu kwenye rimoti

Rimoti za siku hizi, hata zile za bei ya chini za FlySky, zina sabutrimu, vikomo vya mwendo na kugeuza upande. Zenye programu ya EdgeTX, kama za RadioMaster, zinaongeza mikunjo ambayo unaweza kuitumia kuilainisha au kuilinganisha servo nukta kwa nukta.

Usahihi. Kwa marekebisho madogo, rimoti ni nzuri mno: unabonyeza, unaona kibawa kinasogea kwa unywele mmoja, umemaliza. Ikitumiwa kufunika kosa kubwa ndipo inapoharibu. Mkono ukiwa umekaa nyuzi 10 nje ya mraba na ukaurudisha kwa sabutrimu, kibawa kitakuwa katikati, lakini servo imeshatumia sehemu ya mwendo wake upande mmoja. Utapata mwendo mwingi kupanda na mchache kushuka, au kinyume chake. EdgeTX inakuruhusu kuchagua kama vikomo vihame pamoja na sabutrimu au vibaki palepale. Kagua hilo kabla hujalalamikia servo. Mimi mwenyewe naona sabutrimu ikipita asilimia 10 ni dalili kwamba bisibisi haijamaliza kazi.

Vikomo navyo vina mtego. Eleroni inapanda kupita kiasi, unashusha kikomo hadi asilimia 40, tatizo limeisha. Limeisha kwa macho tu. Servo inayozunguka nyuzi 18 badala ya 45 imeacha zaidi ya nusu ya nguvu ambayo ingekupa kwenye tundu la ndani, ulegevu wa gia unaonekana mkubwa kibawani, na hatua 2048 ambazo rimoti nyingi hugawia mwendo mzima zimebaki kama 820. Ulinunua dijitali kwa ajili ya usahihi wa karibu na katikati, kisha umeutupa kwa kitufe. Hamishia waya tundu la ndani kwanza, ndipo umalizie kwa vikomo, ili vibaki karibu na asilimia 100.

Umeme. Kama servo inakazana mwishoni mwa mwendo, kikomo ndiyo dawa ya haraka kuliko zote. Usijaribu kwa stiki peke yake: peleka stiki mwisho na trimu mwisho pamoja, maana kwenye rimoti nyingine trimu hujumlishwa juu ya kikomo na servo inabana tena ukiwa angani.

Gharama. Hakuna cha kununua. Kinachoweza kukugharimu ni chaneli. Ukitaka kuirekebisha kila eleroni peke yake, kila moja iwe na chaneli yake kwenye risiva. Ukiziunga kwa waya wa Y, unaogawa chaneli moja kwa servo mbili, rimoti inaziona kama servo moja.

Ukibadilisha kitu. Hapa njia hii ni dhaifu. Kila ulichopanga kinaishi kwenye kumbukumbu ya modeli ndani ya rimoti. Rimoti ikipotea au ikiharibika, unaanza upya. Ukirusha ukiwa umechagua modeli nyingine, eleroni zinaweza kuwa zimegeuka. Mifumo kama ya Spektrum huizuia risiva isiitikie modeli isiyo yake. EdgeTX nayo inaweza kuilinganisha modeli kwa namba ya risiva. Washa ulinzi huo. Na uhifadhi nakala ya modeli kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, siku hiyohiyo uliyomaliza kupanga.

Hatari ya kukosea. Ya kati. Ni rahisi kurekebisha uwanjani baada ya mruko wa kwanza, na hakuna njia nyingine inayoifikia kwa hilo. Lakini namba kwenye skrini hazikuambii waya unabana. Lazima uangalie kibawa na usikilize servo.

Inamfaa mwenye ndege ya povu, mwenye ndege moja au mbili na rimoti moja anayoitunza, na yeyote anayemalizia kazi iliyoanza na bisibisi.

Njia ya tatu: kuprogramu servo yenyewe

Baadhi ya servo za dijitali hukubali kubadilishwa ndani. Hitec ni mfano unaojulikana: kwa DPC-11, kwa mfano, unaiunganisha servo na kompyuta kupitia USB na kubadilisha katikati, vikomo, upande wa kuzunguka, kasi, ukubwa wa mabadiliko inayoyapuuza, na jinsi inavyojilinda ikikwama. Chapa nyingine zina kadi au visanduku vyao, na kifaa cha chapa moja usitegemee kitafanya kazi kwenye nyingine. Servo nyingi za dijitali za bei rahisi haziprogramiki kabisa, kwa hiyo soma maelezo ya servo kabla ya kununua kifaa.

Usahihi. Ndiyo njia pekee inayolisahihisha kosa la servo palipo chanzo chake. Servo mbili zenye katikati tofauti unazileta mahali pamoja, kisha rimoti na waya wa Y vinaziona kama mapacha. Flapu mbili zilizofungwa zikitazamana, ambazo kwa waya wa Y zingekwenda moja juu moja chini, unageuza servo moja na kazi imekwisha. Lakini nguvu haiongezi. Mkono mrefu unabaki mrefu.

Umeme. Kuna msaada wa kweli hapa, hasa kwenye ulinzi wa kukwama: servo ikikazana kwa muda, inapunguza nguvu yenyewe isiungue. Ni kinga nzuri kwa ndege za mafunzo. Kwa ndege ya kuzungusha angani kwa nguvu, ulinzi uliowekwa chini sana unaweza kulegeza kibawa wakati unakihitaji. Kupanua kidogo eneo la kupuuza kunapunguza mlio na ulaji wa umeme, na kwa servo iliyozeeka, ambayo potenshometa yake imechakaa au imeingiwa na vumbi na inatetemeka, kunaweza kuituliza kwa muda ukisubiri mpya.

Gharama. Kubwa kuliko zote. Kifaa, servo za chapa moja, pengine kompyuta. Kwa aliye Singida au Manyoni, hivyo vyote ni vya kuagiza.

Ukibadilisha kitu. Rimoti ibadilishe utakavyo, servo inakumbuka. Lakini servo ikifa, hali inakuwa ya hatari. Unachukua mpya ya aina ileile, unaifunga, inaonekana sawa, kumbe haijaprogramiwa: upande wake umegeuka, au katikati yake ni nyingine. Kwa sababu mpangilio hauonekani popote, si kwenye waya wala kwenye skrini ya rimoti, fundi mwingine hatajua. Bandika karatasi ndogo juu ya servo, funika kwa selotepu, andika: "Imegeuzwa. Katikati 1512." Hiyo ni mfano, andika namba zako. Andika na tarehe.

Hatari ya kukosea. Kubwa, kwa sababu hiyohiyo.

Inamfaa mwenye ndege kubwa yenye servo mbili kwa kibawa kimoja, mwenye chaneli chache, na kikundi cha watu wanaoshirikiana kifaa kimoja.

Servo mbili kwenye kibawa kimoja

Hili linastahili nafasi yake, maana ndilo linaloua servo nyingi za dijitali bila mwenyewe kujua. Servo mbili zikisukuma eleroni moja na moja inadhani katikati ni hapa, nyingine inadhani ni pale, zinagombana muda wote ndege ikiwa imewashwa, hata ikiwa imekaa mezani. Kwa analogi ungeona ulegevu. Kwa dijitali unapata joto.

Jaribio ni rahisi. Zifunge zote mbili, kisha toa klevisi ya moja. Stiki ikiwa katikati, angalia kama pini inaingia kwenye tundu lake bila kusukumwa. Peleka stiki nusu ya njia, angalia tena. Mwisho, tena. Upande wa pili, tena. Pini ikiingia yenyewe kila mahali, zimepatana. Ikiingia katikati lakini ikakataa mwishoni, urefu wa mikono au pembe zake havifanani, na kuprogramu katikati peke yake hakutasaidia. Rudi kwenye njia ya kwanza.

Ukiwa na multimita, weka kwenye ampea 10 na uiunge katikati ya waya mwekundu wa umeme wa risiva. Ndege ikiwa imetulia, servo zilizopatana zinavuta kidogo sana. Zikivuta mamia ya miliampea bila wewe kugusa stiki, kuna ugomvi mahali.

Ndege zenye kompyuta ya kurukia

Kwa wanafunzi na wataalamu wanaojenga ndege za kupima mashamba kwa ArduPilot au INAV (programu za kompyuta ya ndege), swali la rimoti linahamia kwenye kompyuta ya ndege: katikati na vikomo unaviweka kule, na kasi ya mipigo pia. Zote mbili huanza na mipigo 50 kwa sekunde, ambayo ni salama kwa servo yoyote. Ukiongeza kasi ili servo za dijitali ziitikie haraka, hakikisha hakuna servo ya analogi iliyobaki kwenye ndege. Ya analogi iliyolishwa mipigo 300 huchemka ikafa.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Kama ndiyo unaanza, na ndege ni ya mbao au povu unayoijenga mwenyewe, anza kwa njia ya kwanza. Maliza makosa yote makubwa kwa mkono wa msalaba na matundu, kisha rimoti imalizie mabaki. Servo za gia za plastiki zinatosha kwa ndege ndogo, na zikivunjika unabadilisha kwa bei nafuu.

Kama umenunua ndege ya povu iliyokwisha kufungwa na hutaki kuikwangua gundi, tumia njia ya pili. Angalia kwanza kama kuna tundu jingine kwenye mkono au kipembe unaloweza kuhamia. Mara nyingi lipo.

Kama unarusha mchana wenye upepo, tumia zaidi muda wako kwenye ulegevu wa waya na bawaba kuliko kwenye namba. Pia kumbuka Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na kukiwa na joto inapungua zaidi. Ndege inakuja kutua kwa kasi kubwa kidogo kuliko uliyozoea Dar es Salaam, kwa hiyo eleveta inayorudi palepale kila mara ina thamani.

Kama mna kikundi, chuoni au mtaani, na servo zenu ni za chapa moja inayoprogramika, nunueni kifaa kimoja cha pamoja na daftari moja la kuandika kila servo imewekwaje. Bila daftari, msikinunue.

Kama ndege ni kubwa na ina servo mbili kwa kibawa, utahitaji njia zote: mikono inayofanana kwanza, kisha programu au chaneli mbili tofauti, kisha jaribio la pini. Umeme wa risiva uutoe kwenye BEC ya pekee yenye ampea za kutosha au betri yake, si kwenye ile ya ndani ya ESC.

Kama unabadilisha rimoti mara kwa mara, au ndege moja inarushwa na watu wawili wenye rimoti tofauti, weka mpangilio kwenye ndege kadiri iwezekanavyo, uache rimoti ikiwa na namba chache tu.

Kama servo inalia lakini haichemki, kibawa hakibani, na multimita inaonyesha inavuta kidogo, iache. Huo ni mlio wa kawaida wa dijitali inayoshika nafasi yake.

Na kwa hali yoyote, kabla ya mruko wa kwanza baada ya kupanga, simama nyuma ya ndege, sukuma stiki kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Vuta stiki kwako: eleveta ipande. Kisha tikisa vidhibiti vyote kwa pamoja kwa sekunde kadhaa huku ukiangalia voltiji ya risiva. Rusha mbali na Uwanja wa Ndege wa Dodoma, Msalato, Ikulu ya Chamwino na Mji wa Serikali Mtumba, na uulize TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) masharti ya chombo chako kabla hujaanza. Baada ya kutua, gusa servo kila moja kwa kidole. Iliyo ya moto kuliko wenzake ndiyo ya kurudi nayo mezani.